Kamati ya Chogo

Hapo zamani, si za kale sana maana simu zilikwisha kuwa na kamera mbili, wanyama walikaa katika kijiji cha Kichakani, kando ya bahari. Mwenyekiti wao alikuwa Tembo, na uongozi aliupata kwa sababu moja tu: akishakaa, hakuna wa kumwinua.

Siku moja meli ikashusha kontena lililoandikwa ubavuni MSAADA KWA SHULE. Mpokeaji alikuwa Mbweha, mwagizaji wa bidhaa. Akaita Kasuku, ambaye ndiye redio ya kijiji, akafungua mlango mbele yake. Kompyuta za safu ya mbele zikachomekwa kwenye umeme, zikawaka zote. Kasuku akaenda kutangaza. Safu za nyuma zilishushwa usiku, Kasuku akiwa amelala. Huko kulikuwa na kompyuta zilizong'olewa matumbo, printa zisizo na waya, friji zilizokufa, na televisheni za chogo, zile nene zenye kisogo kirefu, ambazo hata kwao zilikuwa zimekataliwa. Kwao kuzitupa kwa mujibu wa sheria ni gharama kubwa. Kuzipakia melini ni nauli tu. Mbweha alilipwa kidogo ili azichukue, kisha akalipwa tena na wanakijiji ili wazichukue wao. Biashara ya namna hiyo haihitaji shahada.

Chogo zikaonyesha mpira kwa miaka michache. Halafu ikaja amri ya kuzima mitambo ya analojia, kama ilivyokuja Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Wenye uwezo wakanunua ving'amuzi, na walipokwisha kuvinunua wakaanza kuionea haya chogo iliyo chini yavyo, wakaagiza televisheni bapa. Nani aliagizwa? Mbweha. Chogo zikaenda bondeni.

Bondeni ni kwa Ngedere. Vijana hawa hawakusoma uhandisi wowote, lakini hakuna nyumba Kichakani ambayo mkokoteni wao haukupita. Wanajua nani ana friji mbovu uani na nani ameficha redio ya marehemu baba yake. Chogo wanaipasua shingo kwa jiwe ili watoe koili ya shaba. Kioo kinachobaki, ambacho ndani yake mna risasi inayoweza kufika kilo nzima na zaidi, kinaachwa pale pale kipigwe mvua. Waya wanazirundika, wanaweka vipande vya matairi na sponji la friji, wanawasha. Plastiki ikishaungua, shaba inabaki nyekundu, nao wanaipeleka kwa Fisi, mnunuzi wa chuma chakavu, mwenye mizani ambayo haijawahi kukosea kwa kumpendelea muuzaji.

Moshi ulivuma miaka yote kuelekea kwa Bi Kuku, na miaka yote hiyo hapakuitishwa kikao. Mwaka mmoja pepo zikageuka, moshi ukaingia sebuleni kwa Tembo akiwa anatazama taarifa ya habari. Asubuhi yake ngoma ya mkutano wa dharura ikalia.

Mkutano ukaunda Kamati ya Taka za Kielektroniki. Kiboko, shemeji wa Mwenyekiti, akawa katibu. Mbweha akaingia kama mdau wa sekta binafsi, Fisi akaingia kama mdau wa chuma chakavu. Ngedere hawakuitwa kwa kuwa hawakuleta barua ya maombi. Kuku hakuitwa kwa kuwa mambo yenyewe yalikuwa ya kitaalamu. Mzee Kobe, fundi simu, aliitwa kutengeneza kipaza sauti, na alipokimaliza akaambiwa anaweza kukaa nyuma mradi asichangie.

Kikao cha kwanza kilijadili posho. Cha pili kilijadili posho ya kikao cha kwanza. Cha tatu kikampa nafasi Mbayuwayu, ambaye ndiyo kwanza amerudi kutoka kaskazini, kwa kuwa yeye peke yake kijijini anayaona mambo haya kutoka kwenye ncha zote mbili.

“Waheshimiwa,” alisema Mbayuwayu, “mwaka 2022 binadamu walizalisha taka hizi tani milioni 62. Zilizokusanywa na kuchakatwa ipasavyo, zikaandikwa kwenye vitabu, hazikufika hata robo. Nyingine huwa mnaziona hapa zikishuka zimevaa jina la msaada. Nimepita Ghana. Pale Accra palikuwa na mahali panaitwa Agbogbloshie, bonde kama hili lenu ila kubwa, vijana wanachoma waya mchana kutwa. Watafiti wakachukua mayai ya kuku wanaochakura pale, wakayapima, na mwaka 2019 wakatoa majibu. Mtu mzima akila yai moja tu, amepitisha kiwango cha dayoksini kinachovumilika kwa siku huko Ulaya mara 220.”

“Mara ngapi?” ikauliza sauti dirishani. Alikuwa Bi Kuku, aliyekuwa akidonoadonoa nje ya ukumbi.

“Mia mbili na ishirini, Mama Vifaranga.”

Mwenyekiti akaliweka chini yai alilokuwa anamenya.

“Basi wafukuzwe!” akanguruma. “Leo hii!”

“Wa Accra walifukuzwa, Mheshimiwa. Julai 2021 serikali ilileta magreda, ikavunja kila kitu. Mioto haikuzimika, ilitawanyika tu mitaa ya jirani. Na kabla ya hapo waliletewa mashine za kumenya waya ili wasichome. Waya mnene ulimenyeka. Mwembamba ukawashinda, na moto hauchagui unene. Kama mnataka kuona kiwanda kinachofanya kazi, kiko Bugesera, Rwanda, na kina vituo vya kukusanyia wilayani. Mnafika kwa basi.”

Ukumbi ukanyamaza. Kiboko akafungua kitabu cha kanuni za fedha.

“Bugesera,” alisema baada ya kupekua, “inahesabika nchi jirani. Posho yake ni daraja la pili.”

Kwa hiyo kamati ikaenda Ulaya. Ilikaa huko muda wa kutosha kuona viwanda vitatu na maduka mengi zaidi, ikarudi na mabegi mapya. Kiboko alirudi na printa aliyopewa zawadi na wenyeji wake. Haikuwaka.

Kazi ya kusanifu mfumo akapewa Sungura. Huyu ndiye yule yule wa hadithi za bibi zetu, aliyewashinda wakubwa wote kwa ujanja. Siku hizi amesajili ofisi na anaitwa Mshauri Mwelekezi. Akafanya upembuzi yakinifu bila kushuka bondeni, maana bondeni kuna vumbi na yeye ana mzio. Akaleta andiko zito, na katikati yake mchoro wa duara wenye mishale ya kijani: kutoka kiwandani kwenda dukani, kutoka dukani kwa mwananchi, kutoka kwa mwananchi kwenye pipa, kutoka kwenye pipa kiwandani. Kamati ikapiga makofi. Ni kweli ulikuwa mchoro mzuri. Nimewahi kuona mibaya zaidi ikisifiwa kuliko huo.

Kobe akanyoosha mkono kule nyuma. Wakasahau kuwa haruhusiwi kuchangia.

“Mwanangu Sungura, mshale huu wa kutoka kwa mwananchi kwenda kwenye pipa, nani anausukuma?”

“Elimu kwa umma, mzee wangu.”

“Sawa. Na kile kioo chenye risasi, ambacho hakuna anayekinunua, mbona sioni mshale wake?”

“Kipo awamu ya pili.”

Mwenyekiti akakata utepe. Mapipa ya kijani yakawekwa kila njia panda, yana kufuli ili taka zisiibwe. Kiwanda kikajengwa na Kiboko akawa meneja. Mgambo wakashuka bondeni na virungu, wakavunja mikokoteni ya Ngedere, na Kasuku akatangaza kwamba Kichakani sasa ni safi. Ngedere wakahamia nyuma ya banda la Kuku, wakawa wanachoma usiku.

Mapipa yalijaa haraka, lakini kwa maganda ya maembe. Nani atabeba redio mbovu mpaka njia panda ailaze kwenye pipa bure, wakati Ngedere anakuja mlangoni, anasalimia, anatoa hela mkononi? Vichache vilivyofika kiwandani vilifika vimekwisha kuchambuliwa: friji bila kompresa, kompyuta bila bodi, chogo zisizo na shingo. Kiwanda kikabaki na plastiki na kioo chenye sumu, mali ambayo kadiri unavyokuwa nayo nyingi ndivyo unavyofilisika. Mwezi wa sita Kiboko akaomba ruzuku. Mwezi wa saba akaomba walinzi wa kulinda kile kioo, ingawa hakuna mwizi aliyewahi kukitamani.

Binamu mmoja wa Fisi naye alikuwa amesikia kwamba kwenye bodi mna dhahabu. Hakudanganywa: tani moja ya simu za zamani huweza kutoa mamia ya gramu za dhahabu, ambapo tani ya mwamba mgodini mara nyingi huwa na gramu chache tu. Akanunua tindikali, akaloweka bodi kwenye ndoo, akapata punje ya kuonyesha rafiki zake. Iliyobaki ndooni akaimwaga kijitoni, na wiki hiyo kambale wakaelea matumbo juu. Hilo nalo likapelekwa awamu ya pili.

Kibanda cha Mzee Kobe kiko chini ya mkwaju. Jioni moja Ngedere mmoja, mkubwa wa kundi, akafika na mzigo mgongoni na macho mekundu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mjukuu wangu. Umebeba nini?”

“Waya. Nimempelekea Fisi, anasema hanunui wenye plastiki, nikauchome kwanza. Ndo naupitisha hapa uchague kama kuna wa kukufaa.”

“Na mimi nikikulipa hivyo hivyo ulivyo, bei ile anayokupa Fisi baada ya kuchoma?”

“Nitakuwa na wazimu nikauchome, mzee? Moshi wenyewe unanitoa damu puani.”

“Na chogo nzima, ambayo hujaipasua shingo?”

Ngedere akacheka. “Nzima ya nini? Mzigo mzito, hela ni kile kikopa cha shingoni tu. Kioo nani anakinunua?”

Kobe aliweka chini bisibisi, na nadhani ni vizuri nasi tutue hapa kidogo, maana hapa ndipo andiko la Sungura lilipozunguka bila kuingia. Kila kifaa kina sehemu inayoleta hela na sehemu inayokula hela. Fisi huchukua ile ya kwanza, kijiji hubaki na ile ya pili, na pakijengwa kiwanda hubaki na ile ya pili chini ya paa la bati. Kumfukuza Ngedere hakubadilishi hesabu hiyo. Kunamwondoa tu yule mmoja anayejua vitu viko wapi. Anayetaka kifaa kifike kizima lazima akinunue kizima, kwa bei inayozidi ya shaba iliyomo. Na hela ya kujaziliza itoke wapi? Kifaa kikishakufa, mwenyewe hataki hata kukiangalia, sembuse kukilipia. Hela ipo siku moja tu, siku kinapoingia kijijini kiking'aa, na siku hiyo mwenye hela anasimama getini kwa Mbweha.

Haya si maajabu ya Kobe. Ghana iliandika tozo ya namna hiyo kwenye sheria yake ya mwaka 2016, na Kenya mwaka 2024 ikatoa kanuni za kumbebesha mzalishaji na mwagizaji wajibu wa bidhaa mpaka mwisho wake. Kuandika ni hatua. Ugumu unakuja hela ikishaanza kuingia kwenye kapu, kama mtakavyoona.

Kobe alichukua siku nyingi kufika ofisi ya kijiji, kwa sababu zinazoeleweka. Mkutano mkuu ukaitishwa, na safari hii Ngedere wakaja bila barua.

“Kila chenye waya au betri kikipita getini,” alisema Kobe, “Mbweha alipie tozo hapo hapo. Hela iende kwenye kapu la peke yake. Kapu linunue kwa mizani: waya usiochomwa, chogo nzima, friji yenye kompresa na gesi yake. Ngedere wakusanye kama wanavyokusanya, ila wapewe glavu na sehemu ya kufanyia kazi yenye sakafu. Kwanza vipite kwenye benchi langu. Vinavyotengenezeka virudi sokoni, maana simu iliyopona haihitaji kiwanda. Kisichopona kifunguliwe kwa bisibisi, si kwa jiwe. Kioo chenye risasi kihifadhiwe mahali pakavu, na kapu lilipie kukisafirisha kwa wenye tanuri.”

Mbweha aliruka kabla hajamaliza. “Mnamwonea mnyonge! Simu zikipanda bei, nani ataumia? Si huyu mwananchi wa chini?” Akamwonyesha Bi Kuku, aliyekuwa karibu naye na ambaye kwa kweli ndiye wa chini kuliko wote.

“Mimi sina simu,” alisema Kuku. “Sijawahi kuwa nayo. Nina moshi, nina kijito, na nina mayai ambayo Mwenyekiti siku hizi anayanunulia kijiji cha pili.”

Ukumbi ukaangua kicheko, na Tembo akaona afadhali akubali haraka. “Wazo zuri sana,” alisema. “Tozo ikusanywe, iingie mfuko mkuu wa kijiji, nasi tutagawa kulingana na vipaumbele.”

Kila aliyeishi Kichakani alijua vipaumbele vya mfuko mkuu: vilikuwa na vigae vyekundu na vilijengwa juu ya kilima. Ubishi wa kapu ukachukua muda mrefu kuliko ubishi wote uliotangulia. Mwisho likafungwa kufuli tatu, ufunguo mmoja kwa Kobe, mmoja kwa Ngedere, mmoja kwa Kuku. Mwenyekiti akapewa mhuri, tena mkubwa, akaridhika.

Mbweha hakukata tamaa. Kukata tamaa si desturi ya ukoo wake. Mwezi uliofuata kontena lake likaja limeandikwa VYOMBO VYA NYUMBANI VILIVYOTUMIKA, kwa jina la mwanawe mchanga. Ngedere waliokuwa wamewekwa getini wakaleta soketi, wakachomeka kimoja kimoja mpaka safu ya mwisho. Visivyowaka wakavirudisha ndani ya kontena wakafunga mlango. Kwa siku kadhaa Mbweha alizunguka na nahodha wa meli akitafuta bandari itakayovipokea kwa jina jingine.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Kobe mwenyewe hakuliweza. Bodi zilipojaa magunia stoo, ilibidi ziende kwenye tanuri kubwa zenye vichujio, mfano ile ya Hoboken kule Ubelgiji, ambako dhahabu, shaba na madini mengine huchujwa bila kuua kambale wa mtu. Akaenda bandarini kuuliza utaratibu. Akapewa fomu. Kwa Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, nchi inayotoa iandike, nchi inayopokea ikubali, na kila nchi ambayo mzigo utapita bandarini kwake nayo itoe idhini. Tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki zinaingia kwenye utaratibu huo, ziwe na sumu zisiwe na sumu. Magunia yakakaa. Msimu ukapita, na ukungu ukaota juu ya dhahabu.

“Mzee,” aliuliza Ngedere, “zile chogo zilipokuja, nani alituomba idhini?”

“Hakuna.”

“Kwa nini?”

“Zilikuja zikiwa msaada. Taka zimekuwa taka zilipotaka kurudi.”

Sheria yenyewe ni njema, Kobe hakuipinga. Ndiyo iliyompa nguvu ya kufunga mlango wa kontena la Mbweha. Alichotaka ni mlango wa kutokea uwe na mlinzi mwepesi kidogo wa kusaini kuliko yule wa kuingilia aliyekuwa mwepesi miaka yote. Aliandika barua kuhusu hilo. Barua iko njiani, na haikutumwa kwa kobe.

Wakati huo mizani ya kapu ilikuwa inafanya kazi chini ya mkwaju. Fisi aliona wateja wanapungua, akaja mwenyewe kuomba kazi ya kupima, akanyimwa kupima akapewa kubeba. Nyuma ya banda la Kuku hapakuwa na moto, isipokuwa usiku mmoja mmoja, hela ya kapu ilipochelewa.

Ndipo siku moja foleni ikapisha njia, na Mwenyekiti Tembo mwenyewe akafika amebeba televisheni yake ya zamani, chogo kubwa kuliko zote kijijini, huku Kasuku akimfuata kutangaza mfano bora wa uongozi.

“Shikamoo Mheshimiwa,” alisema Ngedere, akaipokea, akaizungusha. Akainama akachungulia kisogoni. Akamwita Kobe naye achungulie.

“Kuna nini?” aliuliza Tembo.

“Shingo imepasuliwa, Mheshimiwa. Koili haimo. Bei ya chogo nzima ni ya chogo nzima.”

“Itakuwa imeanguka njiani.”

Fisi, aliyekuwa amebeba gunia upande wa pili, akaanza kuvutiwa sana na kamba za gunia lake.

“Bosi Fisi,” aliita Ngedere, “wewe ulinunua koili ya chogo kubwa hivi karibuni? Kwa nani?”

“Mimi sikumbuki majina,” alisema Fisi. “Nakumbuka tu kwamba alikuwa mnene.”

Kasuku akafungua mdomo. Tembo akamtazama, Kasuku akaufunga.

“Andika ya kioo peke yake,” Kobe alimwambia Ngedere. “Na mpe risiti.”

“Risiti igongwe mhuri,” alisema Tembo, akautoa mfukoni.